Jioni ya Betri: Televisheni ya Miaka ya 1980, Kutoka Hollywood hadi Lugulu

Ukitoka Webuye kuelekea Kitale, muda si mrefu unafika Lugulu: hospitali ya misheni, shule ya upili ya wasichana, kanisa la Friends, maduka yaliyojipanga kando ya lami, kisha mahindi na miwa. Katika miaka ya 1980, mtu wa hapa aliyetaka kutazama televisheni nyumbani kwake alihitaji vitu vinne. Alihitaji seti yenyewe, mlingoti mrefu wa mkaratusi wa kuinulia antena, betri ya gari, na kijana mwenye baiskeli wa kuipeleka hiyo betri sokoni ikachajiwe. Webuye palikuwa na stima, maana kiwanda cha Pan Paper kilichoanza kutoa karatasi mwaka 1974 hakiwezi kuendeshwa kwa kuni na maombi. Taasisi chache zilikuwa nayo pia. Boma za kawaida zilikuwa na taa ya chemni na redio ya mawe.

Miaka hiyohiyo, Wamarekani walikuwa wakikusanyika mbele ya televisheni kwa wingi usiomithilika. Usiku wa tarehe 21 Novemba 1980, watu wapatao milioni 83 walifungulia kituo cha CBS kujua ni nani aliyempiga risasi J.R. Ewing, tajiri wa mafuta wa Texas katika mfululizo wa Dallas. Risasi ilikuwa imefyatuliwa tangu tarehe 21 Machi, na nchi nzima ikaachwa ikibishana miezi minane. Kenya yote, wazee na watoto, kwa sensa ya 1979 ilikuwa na watu milioni 15 na kidogo. Yaani waliomhurumia J.R. usiku mmoja, au waliotamani afe, walikuwa zaidi ya mara tano ya Wakenya wote waliokuwa hai.

Umati huo ulikuwa bidhaa, na anayetaka kuelewa kwa nini vipindi vya Kimarekani vilifika mpaka chini ya Mlima Elgon lazima aanzie kwenye biashara hiyo. Vituo vikubwa vilikuwa vitatu: ABC, CBS na NBC. Saa zao za dhahabu zilianza saa mbili usiku hadi saa tano. Kampuni ya Nielsen ilihesabu watazamaji, na vituo vikawauzia watengenezaji wa sabuni, bia na magari dakika za matangazo kwa kufuata hesabu hiyo. Kipindi kilichokosa watu kilifutwa, hata kama kilikuwa kizuri namna gani. Kilichowapata kiliishi mpaka wachezaji wake wakaota mvi.

Lakini kulikuwa na kanuni moja isiyojulikana sana nje ya Marekani. Tangu 1970 serikali yao ilivizuia vituo hivyo vitatu kumiliki haki za kuuza upya tamthilia vilizorusha jioni. Mwenye mali alikuwa studio iliyotengeneza. Kituo kilimlipa mwenye studio ada ya kurusha, na mara nyingi ada hiyo haikutosha kurudisha gharama. Saa moja ya tamthilia ya kifahari kama Dynasty, pamoja na magauni na vito vyake, ililamba mamia ya maelfu ya dola, na kufikia katikati ya muongo ilikaribia milioni. Studio ilikubali hasara ya mwanzo ikijua faida iko mbele: kuuza marudio kwa vituo vidogo vya ndani, halafu kuuza nje.

Na nje kulikuwa na bei za kila aina. Jarida la Variety lilikuwa likichapisha orodha ya bei ambazo kila nchi hulipa kwa kipindi. Uingereza na Ujerumani zililipa maelfu ya dola. Nchi maskini zililipa makumi. Muuzaji hakuwa na sababu ya kukataa, kwa kuwa filamu ilishatengenezwa na nakala moja zaidi haikumgharimu kitu cha kutajika. Kwa hiyo shirika la utangazaji lenye bajeti ya serikali ya Afrika liliweza kununua jioni nzima ya California kwa pesa ambazo zisingetosha kuwalipa nauli na chakula waigizaji wake wenyewe wakarekodi mchezo wa nusu saa. Hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo wasomi wa enzi zile walilijadili hadi Unesco, ambako ripoti ya tume ya Seán MacBride mwaka 1980 ililalamikia habari na burudani kutiririka upande mmoja. Wengi walisema ni njama ya utamaduni. Ukiangalia daftari la mhasibu, unaona ilikuwa bei ya jumla.

Wamarekani wa kwanza kujulikana Lugulu, hata hivyo, hawakuwa na kofia pana wala visima vya mafuta. Walikuwa Waquaker. Vijana watatu, Edgar Hole, Arthur Chilson na Willis Hotchkiss, walifungua misheni ya Friends huko Kaimosi mwaka 1902, na kazi yao ikasambaa kaskazini kwa Wabukusu na Watachoni, ikaacha Lugulu shule, zahanati iliyokua kuwa hospitali, na kanisa linalokataza pombe. Kwa kizazi cha wazee wa miaka ya 1980, Mmarekani alikuwa mtu mpole anayeomba kimyakimya na kukemea busaa. Sasa wajukuu wao walikuwa wakionyeshwa Mmarekani mwingine, mwenye gilasi ya pombe mkononi tangu asubuhi, akimdhulumu ndugu yake wa tumbo moja. Wazee hawakushangaa sana. Ugomvi wa ndugu juu ya mali ya baba ulikuwa jambo linaloeleweka vizuri mno katika nchi ya mashamba, na mwenye shamba la Trans Nzoia aliyewagawia wana wake ekari hakuhitaji mkalimani wa kumfasiria familia ya Ewing.

Chombo kilicholeta hayo yote kilikuwa Sauti ya Kenya, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake tatu za Kiingereza, VoK. Televisheni ilianza nchini mwaka 1962, mtambo wake wa kwanza ukiwa ndani ya nyumba ya shambani huko Limuru, ukiwafikia watu wasiozidi maili 15 kutoka hapo. Shirika la utangazaji lililokuwepo lilitaifishwa tarehe 1 Julai 1964 na kufanywa idara ya wizara. Rangi iliingia mwaka 1978, mwaka uleule aliofariki Jomo Kenyatta na Daniel arap Moi akashika usukani. Majirani wa Kenya walikuwa na hadithi tofauti. Zanzibar iliwatangulia wote kwa televisheni ya rangi mapema katika miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi 1994. Mtazamaji wa Bungoma, pamoja na betri yake, alikuwa na bahati kuliko mwenzake wa Dodoma.

Jioni ya VoK ilikuwa na mpangilio ambao kila mtu aliuzoea. Kwanza vipande vya rangi visivyosogea, kisha wimbo wa taifa, halafu vipindi vya watoto na nyimbo za kwaya. Saa moja, taarifa ya habari kwa Kiswahili. Saa tatu, taarifa kwa Kiingereza. Katikati na pembeni ndipo burudani ilipopenyezwa. Taarifa zote mbili zilianza kwa kiongozi wa nchi: Mtukufu Rais leo amefungua, amehutubia, amehudhuria ibada, amepanda miti. Dakika zilipita kabla ya dunia kuruhusiwa kuingia. Marekani saa za dhahabu zilikuwa za mwenye sabuni. Kenya zilikuwa za Ikulu.

Kwa nini serikali iliikamatia televisheni namna hiyo, ilionekana wazi Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi waasi wa jeshi la anga waliikimbilia mapema Nyumba ya Utangazaji, Barabara ya Harry Thuku, Nairobi. Walimchukua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake alfajiri wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Wanajeshi watiifu chini ya Mahmoud Mohamed waliikomboa stesheni siku hiyohiyo, na Mbotela huyohuyo akatangaza kinyume chake. Televisheni haikuwa na nafasi katika mchezo huo, maana asubuhi ilikuwa imelala. Redio ndiyo iliyosikika kuanzia Lamu hadi Lugulu. Ila tangu siku hiyo hakuna aliyeuona utangazaji kuwa kazi ya kawaida ya ofisi.

Hofu hiyo ilipunguza yale yaliyoweza kutengenezwa nchini. Tamthilia ya kisiasa haikuwezekana. Mwaka 1977 mchezo wa Kigikuyu wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ ulipigwa marufuku huko Kamĩrĩthu, na mwaka 1982 ukumbi wa wanakijiji ukabomolewa. Kamĩrĩthu iko Limuru, palepale televisheni ya Kenya ilipozaliwa. Eneo hilohilo lilionyesha ni jukwaa gani litalishwa na ni lipi litavunjwa.

Nafasi zilizobaki zikajazwa kwa vya kununua na vya kupewa. Waliokuwa watazamaji enzi hizo hutaja Good Times na familia yake ya vyumba vya kupanga Chicago, The Six Million Dollar Man, Knight Rider na gari lake linaloongea. Vingi vilifika vikiwa vimezeeka. Good Times, kwa mfano, ilimaliza maisha yake Marekani mwaka 1979. Waingereza walileta Mind Your Language, darasa la wageni wanaoiponda lugha ya Kiingereza jijini London. Wajerumani walikuwa na Transtel, shirika la kusambaza vipindi vyao katika nchi zinazoendelea kwa bei ya kutupa, na kupitia humo Wakenya wakamjua mpelelezi Derrick na macho yake yenye mifuko, michezo ya vichekesho ya Telematch, na Football Made in Germany iliyosimuliwa na Toby Charles. Ndiyo maana hadi leo unaweza kukutana na mzee wa Bungoma asiyewahi kutoka nje ya nchi ambaye anaipenda Borussia Mönchengladbach kwa dhati, naye hawezi kukueleza ilianzaje.

Turudi kwenye sebule yenyewe, kwa kuwa teknolojia ilikuwa na masharti yake. Seti iliyofaa kijijini ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye kukubali volti 12. Betri ilikaa chini ya meza, waya mwekundu na mweusi zikiwa zimebanwa kwa vibanio, na mtoto akionywa asikanyage. Antena ilielekezwa kwa majaribio. Mmoja nje akizungusha mlingoti, mwingine dirishani akipaza sauti: geuza kidogo, hapo, hapohapo, aa umepita! Chenga zikipungua mlingoti unafungwa kwa kamba, na upepo wa kwanza kutoka Elgon unaifuta kazi yote. Betri ikikaribia kuisha, picha haikuzimika ghafla. Ilijikunja kutoka pembeni, ukingo mweusi ukisonga katikati, nyuso zikawa nyembamba, na kila aliyekuwa sebuleni akaanza kupiga hesabu kama mchezo utafika mwisho.

Moto wa betri ulikuwa na kikomo, na safari ya kuichaji ilikuwa na gharama, kwa hiyo baba mwenye nyumba alipanga. Taarifa ya habari ilipewa nafasi, maana mwalimu au karani alitakiwa kujua nani kafutwa kazi. Baada ya hapo ilichaguliwa siku ya kipindi fulani, nyingine seti ikazimwa na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Hakuna afisa wa Nielsen aliyewahi kufika, lakini kura ilipigwa kila juma kwa betri, na matokeo yake yanajulikana. Mtu hakumaliza moto wa betri kwa ajili ya mmiliki wa visima vya mafuta. Aliuhifadhi kwa Vioja Mahakamani na Vitimbi.

Vioja Mahakamani ulikuwa mchezo wenye seti moja: kizimba, meza ya hakimu, mwendesha mashtaka, na mshtakiwa anayejitia kitanzi kwa ulimi wake mwenyewe. Vitimbi ulifuata katikati ya miaka ya 1980 ukiwa na nyumba na hoteli, mume mwenye tamaa, mke anayemzidi akili, na msururu wa vibarua, walinzi na matapeli. Mume alikuwa Mzee Ojwang' Hatari. Mke alikuwa Mama Kayai. Kiswahili chao kilikuwa kile cha mitaani ambacho walimu walikuwa wakikipiga mstari mwekundu: ngeli zimevurugika, lafudhi ya kwao imejaa mdomoni, na methali zimekatwa mahali pasipotarajiwa.

Cha ajabu ni waliokuwa nyuma ya lafudhi hizo. Ojwang', Mjaluo wa kuigwa katika kila baa nchini, alichezwa na Benson Wanjau, Mkikuyu. Mama Kayai ni Mary Khavere, Mluhya. Masanduku arap Simiti, mwenye Kiswahili cha Bonde la Ufa, alikuwa Sammy Muya, naye pia si Mkalenjin. Nchi ambayo katika siasa kabila lilihesabiwa kwa siri na kwa kisu, jioni ilicheka watu wakivaliana makabila kama makoti. Mchekeshaji aliruhusiwa kumdhihaki mume, tapeli wa ardhi, bosi wa ofisi, mganga, mlevi. Asingeweza kumgusa mbunge, sembuse aliye juu yake. Ndani ya mipaka hiyo walifanya kazi ambayo mwandishi yeyote wa Hollywood angeiheshimu: nusu saa, kamera chache, seti iliyotikisika mlango ukifungwa kwa nguvu, na watu wakacheka.

Huku Bungoma kicheko kilikuwa na ladha yake. Nyumbani watu walizungumza Lubukusu au Lutachoni, na Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, ya kituo cha polisi na ya wageni. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza Januari 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye mtihani, na watoto wakajikuta na walimu wawili: mmoja darasani mwenye sarufi, mwingine kwenye kioo mwenye kuivunja. Bibi asiyejua Kiingereza, ambaye katika Dallas aliona nguo na magari tu, hapa aliweza kumkemea Ojwang' kwa sauti, na kumtetea Mama Kayai mbele ya wageni wote waliojaa sakafuni. Maana walijaa. Seti moja ilikuwa ya mtaa, na mwenye nyumba aliyewafungia jirani mlango aliitwa majina ambayo hayakwisha upesi.

Marekani nako, katika miaka hiyo, vichekesho ndivyo vilivyoiokoa televisheni. Tarehe 20 Septemba 1984, siku ya Alhamisi, NBC ilirusha mara ya kwanza The Cosby Show, hadithi ya daktari mweusi wa Brooklyn, mkewe mwanasheria na watoto wao watano. Kituo hicho kilikuwa kimekaa mkiani kwa miaka. Mkuu wake wa burudani, Brandon Tartikoff, aliijenga Alhamisi nzima kuzunguka kipindi hicho, na kuanzia msimu wa 1985 Cosby akaongoza orodha ya Nielsen misimu mitano mfululizo. Wakati huohuo nyaya za televisheni za kulipia zilikuwa zikiingia majumbani, na tarehe 9 Oktoba 1986 kituo cha nne, Fox, kikazaliwa. Vituo vitatu vilivyokuwa vimeigawana nchi vikaanza kupoteza watazamaji polepole. Mgomo wa waandishi wa 1988, uliodumu kuanzia Machi hadi Agosti, uliwafundisha wengine wengi kuishi bila hivyo vitatu.

VoK haikuwa na mshindani, na bado mwaka 1987 ilifanya jaribio la ujasiri kuliko lolote la Tartikoff. Kenya wakati huo ilikuwa ikitajwa duniani kama nchi inayozaana kwa kasi kuliko karibu zote. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wanane. Kule Mexico, mtayarishaji wa Televisa aitwaye Miguel Sabido alikuwa amebuni tamthilia za mapenzi zenye funzo ndani yake: mhusika mwema, mhusika mbaya, na wa katikati anayeyumba mpaka mtazamaji ayumbe naye. Kupitia Mmarekani David Poindexter, mbinu hiyo ilifika Nairobi. Matokeo yakawa mawili. Redioni kulikuwa na Ushikwapo Shikamana. Kwenye televisheni kulikuwa na Tushauriane, tamthilia ya Kiswahili kuhusu ndoa, mali na idadi ya watoto.

Tushauriane ilishika watu. Ilikuwa na kila kitu walichokitafuta Dallas, yaani baba mwenye amri, wana wenye visasi, wanawake wanaojua siri, lakini baba huyu alikula sima na kuapa kwa wazee. Katika boma za Lugulu, ambako mzee mwenye wake watatu hakuwa kioja, mazungumzo ya baada ya kipindi yalikuwa na joto. Je, ilibadilisha kitu? Utafiti wa afya wa 1989 ulionyesha wastani umeshuka hadi kama watoto 6.7 kwa mwanamke, na wapo waliokimbilia kuipa tamthilia sifa. Hapo panahitaji tahadhari. Karo ya shule ilikuwa imepanda, mashamba yalikuwa yamegawanywa mpaka yakawa vipande, na zahanati zilikuwa zikigawa dawa za kupanga uzazi. Televisheni ya betri haiwezi kudai ushindi huo peke yake, ingawa inaweza kudai kwamba iliwapa baba mkwe na mkaza mwana jambo la kuzungumza bila kutazamana usoni.

Kilichoweza kuziondoa tamthilia zote hewani kilikuwa michezo. AFC Leopards, timu iliyobeba roho ya Waluhya wote, ilitwaa kombe la vilabu la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Agosti 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika katika uwanja mpya wa Kasarani, na Desemba ya mwaka huo Gor Mahia ikachukua Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunis palepale. Kisha ikaja Olimpiki ya Seoul.

Hapo jioni ya Marekani iligusa Kitale moja kwa moja. NBC ilikuwa imelipa dola milioni 300 kuonyesha michezo hiyo ya 1988, na ilitaka fainali zianguke katika saa zake za dhahabu. Waandaaji walizisogeza fainali nyingi za riadha hadi mchana wa Seoul, saa ambazo wanariadha hawazipendi, ili familia ya Ohio itazame baada ya chakula cha jioni. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa alfajiri, wakati mtu wa Lugulu anaamka kukamua ng'ombe. Katika michezo iliyopangwa kwa saa za wengine, Paul Ereng, Mturkana mzaliwa wa Kitale ambaye hakujulikana mwaka mmoja kabla, alimpita Joaquim Cruz wa Brazil katika mita za mwisho na kuchukua dhahabu ya mita 800. Robert Wangila naye akamwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili na kuwa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya ndondi. Kenya ilirudi na dhahabu tano. Majuma yaliyofuata, mchezo wowote uliotaka betri ulilazimika kungoja marudio ya mbio hizo.

Mahali pengine nchini, tatizo la betri lilikuwa likitafutiwa dawa. Katikati ya miaka ya 1980 Mmarekani Harold Burris, mhandisi aliyekuwa amehudumu katika Peace Corps, alianza kuuza na kufunga paneli za sola karibu na Mlima Kenya. Yeye na mwalimu Mark Hankins waliifungia taa shule ya Karamugi huko Meru, na walimu walioona wakataka za kwao. Kilichowavuta wengi, tofauti na walivyotarajia wafadhili waliohubiri taa za kusomea, ni televisheni. Mkulima wa kahawa au chai mwenye pesa za bonasi alinunua paneli ndogo kwanza ili betri isisafiri tena kwa baiskeli. Biashara hiyo ilienea bila ruzuku kubwa mpaka Kenya ikawa mfano uliotajwa ulimwenguni, na magharibi mwa nchi paneli zikaonekana juu ya mabati kabla ya nguzo za stima kufika.

Mwisho wa enzi ulikuja kwa karatasi za sheria. Mwaka 1989 Sauti ya Kenya iligeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, likitakiwa kujitafutia pesa kwa matangazo ya biashara. Machi 1990 Nairobi ikapata kituo cha pili, KTN, mali ya amana ya vyombo vya habari iliyofungamana na chama cha KANU, kikileta CNN na tamthilia za Kimarekani ambazo hazikuwa zimepoa. Mmoja wa watangazaji wake wa mwanzo alikuwa Catherine Kasavuli, aliyeingia VoK mwaka 1980 akiwa na miaka 18. Lugulu haikukipata kituo hicho kwa miaka mingi. Ilibaki na KBC, na Ojwang'.

Hesabu ya pesa, ambayo ndiyo iliyofungua hadithi hii, ina upande wake wa pili. Kampuni ya Viacom iliuza marudio ya The Cosby Show kwa vituo vya ndani vya Marekani kuanzia 1986 kwa zaidi ya dola milioni 500, na mikataba ya waigizaji iliwahakikishia wachezaji malipo kipindi kinaporudiwa. Waliovunja mbavu za Kenya walilipwa posho kwa kila kipindi walichorekodi, basi. KBC ilirudia vipindi hivyo miaka nenda miaka rudi. Benson Wanjau alipoanza kupoteza uwezo wa kuona, Wakenya walimchangia pesa za matibabu kwa simu, shilingi kwa shilingi, wengi wao wakiwa watoto wa zile sebule zilizojaa hadi mlangoni. Alifariki tarehe 12 Julai 2015, miezi michache baada ya Kenya kuzima mitambo ya analogi na kuzifanya seti za zamani zisizo na king'amuzi kuwa meza za kuwekea maua.